Mtoto Mgonjwa Angali Tumboni: Mume na Mke Wafanye Nini?



Mama amekwenda kliniki, mimba ikiwa ya miezi mitano. Daktari anaitazama picha ya mtoto katika mashine, kisha ananyamaza. Mwishowe anasema, "Mtoto yu hai, lakini mgongo wake haukufunga vizuri." Jambo hili huwapata watu wa kila namna, wenye mali na maskini, wanaosali na wasiosali. Zamani wazazi waliipata habari ya namna hii siku ya kuzaa. Siku hizi, kwa sababu ya mashine za ultrasaundi, wengine huipata miezi minne mapema. Hiyo miezi minne ni mizito. Ndani yake mume na mke hushikamana au hulaumiana. Huandaa mahali pazuri pa kuzalia, au husikiliza wanaowashauri kuitoa mimba.

Katika somo hili tutazungumza juu ya tiba ambayo wengi hawajaisikia, yaani kumtibu mtoto, hata kwa kumpasua, angali tumboni mwa mama yake. Tutaona inaponya nini, ina hatari gani, Kanisa lafundisha nini, na yafaa mfanye nini ninyi mkaao mbali na hospitali zenye tiba hiyo.

MGONJWA NDANI YA TUMBO

Kwa muda mrefu madaktari hawakuweza kumgusa mtoto kabla hajazaliwa. Mlango ulifunguliwa mwaka 1963 huko Auckland, New Zealand. Daktari William Liley alipitisha sindano katika tumbo la mama, akamwongezea damu mtoto aliyekuwa akifa kwa upungufu wa damu. Mtoto huyo alizaliwa akaishi.

Ugonjwa wake ulitokana na tofauti ya damu. Mama akiwa na damu ya Rhesus hasi, na mtoto akarithi Rhesus chanya kwa baba yake, mwili wa mama waweza kutengeneza kinga inayoishambulia damu ya mtoto. Kwa kawaida mimba ya kwanza hupona, na shida huanza katika zile zinazofuata. Tiba ya Daktari Liley bado yatumika, ingawa njia yake imeboreshwa. Hapa kwetu, mwaka 2018, Hospitali ya Taifa ya Kenyatta mjini Nairobi ilimwongezea damu mtoto angali tumboni.

Hatua ya pili ilikuwa kubwa zaidi. Mwaka 1981, katika Chuo Kikuu cha California mjini San Francisco, Daktari Michael Harrison na wenzake walilipasua tumbo la uzazi la mama, wakamtibu mtoto ambaye njia yake ya mkojo ilikuwa imeziba, kisha wakamfunika tena ili aendelee kukua. Mtoto huyo hakuishi baada ya kuzaliwa. Lakini mama yake alipona, na madaktari wakajua kwamba kazi hiyo yawezekana.

MGONGO WAZI

Ugonjwa ambao tiba hii imepimwa vizuri zaidi ni ule uitwao mgongo wazi. Katika siku 28 za kwanza baada ya mimba kutungwa, mgongo wa mtoto hujifunga kama mfuko unavyoshonwa. Usipofunga, mishipa ya fahamu ya uti wa mgongo hubaki nje. Mtoto aweza kuzaliwa akiwa na miguu iliyopooza, asiweze kuzuia mkojo wala choo. Wengi wao pia hujaa maji kichwani, na kichwa hukua kupita kiasi.

Kwa nini wengine humpasua kabla hajazaliwa? Ni kwa sababu madhara huongezeka kila wiki. Ile mishipa iliyo wazi huharibiwa na maji yanayomzunguka mtoto na kwa kugusagusa ukuta wa tumbo la uzazi. Tena maji ya uti wa mgongo huvuja, sehemu ya nyuma ya ubongo huvutwa chini, na njia ya maji ya kichwani huziba. Mgongo ukifungwa mapema, uvujaji hukoma na ubongo waweza kurudi mahali pake.

Kazi yenyewe hufanywa hivi. Mama hupewa dawa ya usingizi, na mtoto naye hupewa yake. Tumbo la mama hupasuliwa, kisha tumbo la uzazi, mpaka mgongo wa mtoto uonekane. Daktari huurudisha uti ndani na kushona tabaka moja moja. Mtoto hatolewi wala kitovu hakikatwi. Maji hurudishwa, mama hushonwa, na mimba huendelea. Baadhi ya hospitali siku hizi hutumia matundu madogo na kamera nyembamba badala ya kulipasua tumbo la uzazi kwa upana.

Je, ina faida? Nchini Marekani hospitali tatu za Philadelphia, Nashville na San Francisco zililinganisha watoto waliopasuliwa kabla ya wiki ya 26 na wale waliopasuliwa baada ya kuzaliwa. Matokeo yalitangazwa mwaka 2011. Kati ya kila watoto 100 waliotibiwa baada ya kuzaliwa, 82 walihitaji kuwekewa mrija wa kuondoa maji kichwani kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Kati ya waliotibiwa tumboni walikuwa 40. Walipofikia miezi 30, watoto 42 katika kila 100 waliotibiwa tumboni waliweza kutembea bila vyuma wala magongo, na kwa wale wengine 21 tu. Faida ni kubwa, hadi utafiti ukasimamishwa kabla ya wakati wake ili tiba isizuiliwe kwa wengine.

Lakini msomaji, soma na upande wa pili. Katika kila watoto 100 waliotibiwa tumboni, 79 walizaliwa kabla ya wiki ya 37, na 13 kati yao kabla ya wiki ya 30. Wengi wa waliotibiwa bado hawakuweza kutembea wenyewe. Kwa akina mama, zaidi ya mmoja katika kila wanne alikutwa siku ya kuzaa kovu la tumbo la uzazi limekuwa jembamba au limeanza kuachia. Mama aliyepasuliwa hivyo, kila mtoto atakayemzaa tangu hapo itambidi azaliwe kwa upasuaji, na kabla uchungu haujaanza, maana kovu hilo laweza kupasuka.

MAPACHA NA KIWAMBO CHA KIFUA

Ziko shida nyingine mbili yafaa mzijue. Ya kwanza ni ya mapacha wanaotumia kondo moja la nyuma. Pengine mishipa yao huungana, damu ya mmoja ikamwendea mwenzake. Huyu akose na yule azidiwe, na bila tiba mara nyingi hufa wote wawili. Daktari hupitisha kamera nyembamba tumboni mwa mama na kuiziba ile mishipa kwa mwali wa leza. Utafiti uliotolewa mwaka 2004 ulionyesha kwamba mimba 76 katika kila 100 zilizotibiwa hivyo zilimwacha walau mtoto mmoja hai akiwa na siku 28. Kwa njia ya zamani ya kupunguza maji zilikuwa 56.

Ya pili ni ya mtoto ambaye kiwambo kati ya kifua na tumbo kina tundu. Matumbo hupanda kifuani, na mapafu hukosa nafasi ya kukua. Kwa wale walio katika hali mbaya sana, madaktari huweka kipira kidogo katika koo la pumzi la mtoto, mimba ikiwa ya wiki 27 hadi 29, ili mapafu yajae na kutanuka. Hukitoa wiki ya 34. Utafiti wa mwaka 2021 ulionyesha kwamba watoto 40 katika kila 100 walitoka hospitali wakiwa hai, badala ya 15. Maana yake hata kwa tiba hiyo zaidi ya nusu walikufa. Anayewaambia wazazi kwamba upasuaji wa tumboni ni muujiza usioshindwa hawasaidii.

KANISA LAFUNDISHA NINI?

Wengine hudhani Kanisa linakataza kumchungulia mtoto tumboni. Sivyo. Hati Donum Vitae iliyotolewa Roma mwaka 1987, na Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992, zafundisha kwamba uchunguzi kabla ya kuzaliwa ni halali ukiheshimu uhai na mwili wa mtoto, na ukikusudia kumlinda au kumponya. Na tiba inayofanywa juu ya mtoto tumboni ni halali ikiwa yalenga uponyaji wake yeye mwenyewe, na isimtie katika hatari isiyolingana na faida. Linalokatazwa ni kuchunguza kwa nia ya kumuua akionekana ana kasoro.

Papa Yohane Paulo wa Pili alilirudia fundisho hilo mwaka 1995 katika barua yake Evangelium Vitae. Msingi wake ni kwamba huyo mtoto ni mtu, naye ni mgonjwa mwenye haki ya kutibiwa kama wagonjwa wengine.

Lakini angalieni: halali si sawa na lazima. Kanisa hilo hilo lafundisha kwamba hakuna anayelazimika kufuata tiba yenye mzigo au hatari kubwa kupita faida inayotumainiwa. Mume na mke wanaochagua kungoja mtoto azaliwe ndipo atibiwe hawajamtupa mtoto wao, wala hawahitaji kwenda kuungama kwa ajili hiyo.

UAMUZI NI WA WAWILI, LAKINI KISU NI CHA MMOJA

Hapa ndipo ndoa hupimwa. Katika tiba hii mtu mzima hupasuliwa kwa ajili ya ugonjwa wa mwingine. Mama ndiye atakayelazwa, ndiye atakayelala kitandani wiki nyingi, ndiye atakayebaki na kovu katika kila mimba. Kwa hiyo, bwana, haifai umwambie mkeo, "Mama wa kweli angekubali." Wala haifai mama mkwe wala shangazi akate shauri. Ridhaa ya kulazimishwa si ridhaa.

Kazi ya mume ni hii: nenda kliniki pamoja naye. Usingoje kusimuliwa. Masikio ya mtu aliyepigwa na habari mbaya hayasikii yote. Mwenzake aliye karibu huokota yaliyoanguka. Chukueni daftari mkaulize:

1. Ugonjwa huu una uhakika gani? Je, daktari bingwa mwingine anaweza kuutazama?
2. Je, iko kasoro nyingine, hasa ya moyo au ya chembe za urithi, ambayo ingeifanya tiba hii isifae?
3. Mtoto akingoja kuzaliwa, atatibiwa wapi, na ataishi maisha gani?
4. Mimba ina wiki ngapi leo, na nafasi ya tiba inafungwa wiki ya ngapi?
5. Nini chaweza kumpata mama sasa, na katika mimba zijazo?

Swali la nne lina uzito kwetu. Ndugu wenye moyo mwema wataitisha harambee mtoto apelekwe ng'ambo, pengine hata shamba likauzwe. Kwanza hesabuni wiki. Katika ule utafiti wa Marekani upasuaji ulifanyika kati ya wiki ya 19 na ya 26. Mama akigunduliwa wiki ya 24, pasipoti na viza zaweza kutoka nafasi imekwisha kupita. Tena baada ya upasuaji hawezi kurudi nyumbani wiki ijayo. Hukaa karibu na hospitali ile mpaka azae, na watoto waliobaki nyumbani wanahitaji mlezi. Mkiona haiwezekani, msijihesabie kosa. Fedha hizo zaweza kumfaa mtoto huyo huyo baada ya kuzaliwa.

YALIYO MIKONONI MWENU

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mengi ya kumsaidia mtoto hayahitaji ndege.

Kabla ya mimba. Mgongo hufunga au hukosa kufunga katika siku 28, mara nyingi mama hajajua kwamba amebeba. Ndiyo maana vidonge vya foliki huanza kabla. Mwanamke anayetazamia kupata mimba atumie mikrogramu 400 kila siku, na aendelee mpaka wiki ya 12. Ninyi mnaofuata njia ya asili ya kupanga uzazi mna nafasi nzuri hapa, maana mnajua ni mwezi gani mnaufungulia mlango. Vidonge vianze walau mwezi mmoja mbele. Mama aliyewahi kuzaa mtoto mwenye mgongo wazi ahitaji kipimo kikubwa zaidi, kwa amri ya daktari. Utafiti uliotangazwa Uingereza mwaka 1991 ulionyesha kwamba kipimo hicho kikubwa kilizuia karibu robo tatu za visa vya kurudia. Mwenye kisukari, au anayetumia dawa ya kifafa iitwayo valproate, amwone daktari kabla ya kubeba; asiache dawa kwa shauri lake.

Tangu mwaka 2012 sheria ya Kenya yataka unga wa mahindi na wa ngano wa viwandani utiwe foliki. Lakini mahindi mnayoyapeleka wenyewe kinuni kijijini hayana nyongeza hiyo. Kuleni mboga za majani na maharagwe, na vidonge visiachwe.

Mara mimba ijulikanapo. Anza kliniki mapema, usingoje tumbo lionekane. Jueni kundi la damu, la mama na la baba. Mama mwenye Rhesus hasi hupewa sindano ya kumkinga katika wiki ya 28, na nyingine ndani ya saa 72 baada ya kuzaa mtoto mwenye Rhesus chanya. Akiharibikiwa na mimba aulize pia habari ya sindano hiyo. Shirika la Afya Duniani lashauri kila mjamzito apigwe picha ya ultrasaundi walau mara moja kabla ya wiki ya 24. Mnayo haki ya kumwambia daktari mapema kwamba mnaitaka picha hiyo ili mjiandae na mtoto apate msaada.

Kasoro ikiisha kuonekana. Chagueni mahali pa kuzalia palipo na daktari wa upasuaji wa watoto, au panapoweza kumfikisha kwake upesi. Mgongo ulio wazi wafaa kufungwa ndani ya siku mbili tatu za kwanza, kabla vijidudu havijaingia. Wakati wa safari mtoto alazwe kifudifudi, na kidonda kifunikwe kwa kitambaa safi kilicholowekwa maji ya chumvi ya hospitali. Kisipakwe majani wala majivu. Hospitali ya Kijabe imejulikana kwa miaka mingi kwa kuwapasua watoto wa mgongo wazi na kichwa maji. Ng'ambo ya mpaka, mjini Mbale nchini Uganda, hospitali ya CURE ilifunguliwa mwaka 2001, na huko Daktari Benjamin Warf akaendeleza upasuaji unaowawezesha watoto wengi wenye kichwa maji kuishi bila mrija. Njia hiyo ilijifunzwa na madaktari wa nchi nyingine, hata Marekani.

Na mtoto akizaliwa katika hatari ya kufa, kumbukeni kwamba mtu yeyote, hata muuguzi au baba mwenyewe, aweza kumbatiza.

LAWAMA NYUMBANI

Daktari akisema "kasoro," jirani husema "laana." Mama huulizwa alikula nini, alimkosea nani, kwao kuna nini. Waume wengine huacha kurudi nyumbani mapema, na wengine huondoka kabisa. Yafaa tuseme waziwazi: mgongo wazi hutokana na mambo mengi yaliyochanganyika, ya urithi na ya lishe, na mara nyingi hakuna awezaye kuonyesha moja na kusema ndilo. Urithi hutoka pande zote mbili. Katika ugonjwa wa Rhesus, damu inayoshambuliwa mtoto ameirithi kwa baba, na kinga inayoshambulia ni ya mama. Atalaumiwa nani?

Mume ndiye wa kuufunga mlango wa maneno hayo. Akisimama mbele ya jamaa zake na kusema, "Mtoto ni wetu, na ugonjwa ni wetu wote wawili," amemtibu mke wake kidonda ambacho daktari hakioni. Jumuiya ndogo ndogo nazo zisije na maswali. Zije na kuni, maji, na nauli ya kwenda kliniki.

KWA MAZUNGUMZO YA MUME NA MKE

1. Je, kila mmoja wetu anajua kundi la damu la mwenzake?
2. Tukitazamia mtoto mwaka huu, ni nani atakayenunua vidonge vya foliki, na lini?
3. Tukiambiwa mtoto ana kasoro, ni nani katika jamaa tungemwambia kwanza, na ni nani tungemwomba anyamaze?
4. Mke: ni hatari gani ungekubali kuibeba kwa ajili ya mtoto, na ni ipi ungeogopa? Mume: sikiliza mpaka amalize, ndipo useme lako.
5. Je, katika jumuiya yetu kuna nyumba yenye mtoto wa mgongo wazi au kichwa maji? Lini tutakwenda kuwatembelea?